Kazadi kabla ya Gelsenkirchen

Tarehe 18 Juni 1974, katika uwanja wa Parkstadion mjini Gelsenkirchen, kipa wa Zaire aliitwa atoke nje wakati mechi haijafika hata nusu saa. Yugoslavia walikuwa wameshafunga matatu: Bajević, Džajić, kisha Šurjak. Kazadi Mwamba alitembea hadi mstari wa pembeni, akampisha Tubilandu Ndimbi, mlinda mlango mfupi kuliko karibu kila mshambuliaji aliyekuwa uwanjani siku ile. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuutoa mpira nyavuni, kwa sababu Katalinski alifunga la nne mara tu mchezo ulipoendelea. Mechi iliisha 9–0.

Tangu siku hiyo, nje ya Kongo, jina la Kazadi likitajwa hutajwa na tisa hizo. Anayetaka kuwa mwadilifu afanye hesabu ndogo tu. Katika mashindano yale Zaire ilifungwa mabao 14 kwa mechi tatu: mawili na Scotland, tisa na Yugoslavia, matatu na Brazil. Kazadi alisimama langoni kwa dakika 200 hivi, akafungwa manane. Sita mengine yaliingia akiwa amekaa kwenye benchi. Kocha aliyemtoa, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na watu hawakukosa kuliona hilo. Ila jambo linalonishangaza mimi ni jingine. Vidinić mwenyewe alikuwa kipa, tena kipa aliyetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Alijua fika maana ya kumwondoa mlinda mlango uwanjani mbele ya macho ya dunia. Baadaye alisema kwamba shinikizo la kumtoa lilitoka kwa mtu wa wizara, na kwamba hatakubali tena jambo kama lile.

Siwezi kusema Kazadi hakukosea Ujerumani. Kichwa cha Joe Jordan wa Scotland kilimponyoka mikononi. Shuti la Valdomiro wa Brazil, ambalo siku ya kawaida angelidaka bila shida, lilimpita karibu na mwamba wa pembeni, na kwa bao hilo la tatu Brazil walisonga mbele huku Scotland, ambao hawakupoteza mechi hata moja, wakirudi kwao. Mechi hizo zimeandikwa na wengi. Yaliyotangulia hayajaandikwa sana, hasa kwa Kiswahili, ingawa yalitokea katika mji ambao lugha yake ya sokoni, ya migodini na ya viwanja vya mpira ni Kiswahili.

Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947. Wakati huo Lubumbashi ilikuwa bado Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Wabelgiji waliuanzisha mji huo mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika, kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na tanuri zake kando ya mto Lubumbashi, na bomba lake la moshi lilionekana kutoka kila mtaa. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, walipata Kiswahili. Hawakuwa na ngoma moja, walipata mpira. Serikali ya kikoloni, kampuni na Kanisa vyote viliupenda mpira kwa sababu zao wenyewe. Kijana aliyechoka uwanjani Jumapili hakuwa na nguvu za kukaa na kupanga mgomo, au ndivyo wakubwa walivyotumaini.

Klabu aliyokuja kuichezea ilianza mwaka 1939 mikononi mwa mapadre Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface. Walitaka wanafunzi ambao hawakukusudia upadre wapate shughuli ya kufanya, wakaunda timu na kuiita Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Ilipoanza kupokea wachezaji wasiokuwa wa shule, wamisionari walijitoa katika uongozi, na klabu ikapata mfadhili wa aina nyingine kabisa: kiwanda cha matairi cha Kibelgiji kilichoitwa Englebert. Kutoka kwa mtakatifu Paulo hadi tairi la gari. Ndivyo mji ule ulivyokuwa ukibadilika. Jezi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mashabiki wakaitwa Kunguru, jina ambalo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyemwona kunguru wa kwetu na kifua chake cheupe. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, iliyozaliwa mwaka huohuo wa 1939. Mpaka leo mtu wa Lubumbashi akikuuliza wewe ni wa nani, mara nyingi hakuulizi kabila.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 Kazadi alikuwa na miaka 13. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kwa miaka miwili na nusu Élisabethville ilikuwa mji mkuu wa nchi isiyotambuliwa na yeyote, yenye bendera yake na fedha yake, ikipigana na askari wa Umoja wa Mataifa mitaani. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba wenye asili ya Kasai, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji wakihofia kuuawa. Kizazi cha wachezaji ambacho miaka michache baadaye kingeshangaza Afrika kilikulia ndani ya hayo. Tukiwaona katika picha za zamani wakiwa vijana wembamba wenye nyuso ngumu, tukumbuke kwamba mabomu ya Desemba 1961 yaliwakuta wakiwa watoto wa shule.

Kujitenga kukaisha Januari 1963. Mobutu akatwaa madaraka Novemba 1965. Mwaka 1966 majina ya miji yalibadilishwa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, na mwaka huohuo Englebert ikatwaa kila kilichokuwa mbele yake: ubingwa wa taifa, kombe la Katanga na kombe la Kongo. Hapo ndipo lilipoongezwa neno Tout Puissant, yaani wenye uwezo wote, na klabu ikawa TP Englebert. Ni jina la kujisifu kupita kiasi, na hakuna aliyeweza kuwabishia.

Kazadi alikuwa sehemu ya timu hiyo. Kwa mtu wa leo ni vigumu kuelewa ukipa ulikuwaje wakati ule. Wengi walidaka kwa mikono mitupu. Viwanja vilikuwa vya udongo mwekundu, vigumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua ilipoanza mpira wa ngozi ulinyonya maji ukawa mzito. Beki alikuwa na ruhusa ya kumrudishia kipa mpira akaudaka, sheria iliyobadilishwa mwaka 1992 tu. Kwa hiyo kipa alikuwa ndiye kimbilio la kila mlinzi aliyebanwa. Na kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa kumbadilisha. Kombe la Dunia lenyewe lilianza kuruhusu wachezaji wa akiba mwaka 1970. Ukifungwa matatu ndani ya dakika 20 ulibaki palepale, ukapangusa magoti, ukasubiri la nne. Kipa wa kizazi hicho alijifunza kazi yake bila kuwaza kwamba anaweza kuitwa atoke.

Kombe la klabu bingwa Afrika lilikuwa changa. Oryx Douala ya Kamerun ililitwaa kwanza, mwaka 1965, na Stade d'Abidjan mwaka 1966. Mwaka 1967 Englebert walifika fainali, wakakutana na Asante Kotoko ya Kumasi. Huo ulikuwa mpambano mkubwa kwa sababu ya Ghana zaidi kuliko kwa sababu ya klabu: timu ya taifa ya Ghana ilikuwa imeshinda Kombe la Mataifa mwaka 1963 na 1965, na mpira wa Ghana ndio uliokuwa shule ya bara zima.

Mwezi ule wa Novemba haukuwa wa kawaida Kongo. Bukavu, iliyokuwa imeshikwa na mamluki wa Jean Schramme tangu Agosti, ilirudi mikononi mwa jeshi la taifa tarehe 5. Siku chache kabla yake Bob Denard, mamluki Mfaransa, alikuwa amevuka mpaka kutoka Angola na kikundi chake kidogo ili kuwasha moto upya Katanga. Baadhi yao walikuja kwa baiskeli. Jaribio hilo lilishindwa upesi, na mimi kila ninapolisoma nashindwa kujua kama nicheke. Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu Januari ya mwaka huo. Kwa hiyo vijana wa Englebert walipopanda ndege kwenda Kumasi, mji waliouacha nyuma ulikuwa umebadilishiwa jina na mwajiri wake mkubwa, na magharibi ya mkoa wao ilikuwa imevamiwa mwezi uleule.

Kumasi, tarehe 19 Novemba: 1–1. Wiki moja baadaye, Kinshasa: 2–2, hata baada ya muda wa nyongeza. Kanuni ya bao la ugenini haikuwapo, na mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi ilikuwa haijaingia katika sheria za mchezo. Shirikisho la Afrika likapanga mechi ya tatu Yaoundé, tarehe 27 Desemba. Englebert walifika. Kotoko hawakufika, kwa sababu chama cha mpira cha Ghana hakikuwafikishia taarifa. Kombe likapewa Lubumbashi.

Waghana wengi wanaona mpaka leo kwamba waliporwa. Nawaelewa. Ila ushindi wa mezani hausemi lolote juu ya kijana wa miaka 20 aliyekaa langoni kwa muda wote huo, Kumasi mbele ya mashabiki wa wapinzani na Kinshasa mbele ya taifa, wala timu yake haikupoteza hata mechi moja kati ya hizo mbili. Na kama kuna aliyebaki na shaka, jibu lilikuja ndani ya wiki nne.

Januari 1968 Kombe la Mataifa lilichezwa Ethiopia. Mobutu alikuwa ameamua kwamba mpira utakuwa sura ya utawala wake. Aliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, timu ikaacha kuitwa Simba ikawa Chui, na kocha akawa Mhungaria, Ferenc Csanádi. Katika kundi walifungwa na Ghana 2–1, lakini Kongo-Brazzaville wakapigwa 3–0, Senegal 2–1, na wenyeji Ethiopia wakatolewa 3–2 katika nusu fainali iliyokwenda muda wa nyongeza.

Fainali, tarehe 21 Januari, Addis Ababa: Ghana tena. Bao lilikuwa moja tu, la Pierre Kalala, mwenzake Kazadi wa Englebert, katika dakika ya 66. Baada ya hapo zilibaki dakika zaidi ya 20 za kulinda, dhidi ya mabingwa wa Afrika waliotaka kombe la tatu mfululizo, katika mji ulio juu ya mita 2,300 ambako mpira hupaa haraka na pumzi hukata. Kalala anakumbukwa kwa bao. Haki yake. Lakini 1–0 ni matokeo ya watu wawili, na aliyekuwa na kazi ndefu zaidi alikuwa yule aliyebaki nyuma. Kongo-Kinshasa ilikuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza, na Kazadi alikuwa hajatimiza miaka 21.

Kutetea kombe ni shughuli nyingine. Fainali ya klabu ya mwaka 1968 ilichezwa Machi 1969, dhidi ya Étoile Filante ya Lomé. Tarehe 16 Kinshasa waliona mabao matano bila jibu. Watu walidhani mambo yamekwisha. Wiki mbili baadaye Lomé wakashinda 4–1. Jumla ikawa 6–4, kombe likabaki, ila ni wazi Lomé walikuwa wamewatia hofu. Hayo ndiyo maisha ya kipa: timu yake inatwaa ubingwa wa bara, na yeye anarudi na manne mgongoni. Hata hivyo Englebert ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe la klabu bingwa Afrika. Ilichukua hadi mwaka 2004, Enyimba ya Nigeria walipolishinda mara ya pili mfululizo, ndipo mtu mwingine akaweza.

Jambo moja husahaulika katika habari hizi. Mechi kubwa za nyumbani za fainali zilichezwa Kinshasa, na Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi kwa ndege. Kwa barabara, tusiongee. Mkazi wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, aliyempigia Kazadi makofi mwezi mzima katika ligi ya mkoa, siku ya fainali alimfuata kwenye redio. Umaarufu wake mjini ulijengwa na masikio kwa kiasi kikubwa. Mtangazaji akisema amedaka, ukaamini amedaka. Labda ndiyo maana wazee wa Lubumbashi wanamweleza kwa namna ambayo hakuna picha inayoweza kuithibitisha wala kuikanusha.

Fainali ya tatu mfululizo ilikuwa na Ismaily ya Misri. Mji wao wa Ismailia uko kandokando ya mfereji wa Suez, na tangu vita vya 1967 ulikuwa ukipigwa mizinga mpaka wakazi wake wengi wakahamishwa. Ile ilikuwa timu ya wakimbizi ndani ya nchi yao. Kinshasa, Desemba 1969, walitoka 2–2. Cairo, tarehe 9 Januari 1970, Ismaily wakashinda 3–1 na kuwa klabu ya kwanza ya Kiarabu kulitwaa kombe hilo. Nadhani kama kuna fainali ambayo mtu wa Lubumbashi anaweza kuikumbuka bila kinyongo, ni ile. Waliowafunga walikuwa watu waliojua nini maana ya mji kupigwa mabomu.

Ya nne haikuwa na faraja yoyote. Kotoko walirudi. Kumasi, tarehe 10 Januari 1971, 1–1, matokeo yaleyale ya 1967. Halafu, tarehe 24, Kinshasa, mbele ya taifa zima, Kotoko walishinda 2–1. Deni la Yaoundé lililipwa ugenini, na hakuna Mghana aliyelalamika safari hii kuhusu barua zilizochelewa. Kazadi alikuwa na miaka 23, na klabu yake ilikuwa imecheza fainali nne za bara kwa miaka minne.

Kinachofuata ni miaka ya kubadilisha majina. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na Robert Kazadi wa magazeti ya zamani akabaki Kazadi Mwamba. Englebert nayo ikawa Mazembe. Langoni aliendelea kusimama mtu yuleyule, sasa akiwa na walinzi waliokuwa bora kuliko wowote aliokuwa nao zamani: Mwepu Ilunga, yule ambaye dunia ingemcheka kwa kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla ya kuruhusiwa, Mukombo Mwanza, na zaidi ya wote Bwanga Tshimen, beki wa kati aliyecheza kwa utulivu mpaka watu wakamfananisha na Beckenbauer.

Mwaka 1973 ulikuwa wa kufuzu Kombe la Dunia. Ghana waliwafunga Zaire 1–0 Accra. Kinshasa walijibiwa 4–1. Katika kundi la mwisho kulikuwa na Zambia na Morocco. Zambia, majirani wa upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa, watu wa shaba kama wao, walifungwa 2–0 nyumbani kwao Lusaka, kisha 2–1 Kinshasa. Tarehe 9 Desemba Morocco walifungwa 3–0, wakakataa kucheza mechi ya marudiano. Hakuna timu yoyote kutoka kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika Kombe la Dunia kabla yao.

Jarida la Kifaransa la France Football lilikuwa limeanza mwaka 1970 kutoa mpira wa dhahabu kwa mchezaji bora wa Afrika. Kura za mwaka 1973 zilipohesabiwa, Laurent Pokou wa Ivory Coast, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote barani, alikuwa na 41. Mbele yake walikuwa watu wawili wa klabu moja na mji mmoja: Bwanga Tshimen, 49, na Kazadi Mwamba, 44. Beki na kipa. Mlinda mlango aliyelitwaa tuzo hilo kwa mara ya kwanza alikuwa Thomas N'Kono wa Kamerun, mwaka 1979.